Je, Watu wa Kwetu Ni Wavivu, au Wanajua Hesabu?

Mara nyingi twasikia ikisemwa, hata na watu waliosoma sana, ati umaskini wa nchi yetu umetokana na uvivu wa watu wake. Maneno hayo si mapya. Wabelgiji walioitawala Urundi tangu mwaka 1916 mpaka 1962 waliyasema pia, tena wakaleta na dawa yake: mtoze mwananchi kodi ya kichwa, naye atalazimika kufanya kazi. Mimi nasema dawa ile haikumfundisha mtu kazi, maana kazi aliijua tangu utoto wake. Ilimfundisha kupiga hesabu, na hesabu hiyo ingali ikipigwa kila siku katika mji wetu wa Bujumbura.

Hebu tuitazame kodi ile. Mwanamume mwenye nguvu alidaiwa fedha taslimu kila mwaka, awe amevuna au hakuvuna. Mkulima wa mtama na maharagwe alikuwa na chakula, lakini fedha hakuwa nazo, na mahali pa kuzipata palikuwa pachache. Juu ya kodi palikuwa na kazi za lazima za barabara, na mibuni aliyoamriwa kuipanda na kuipalilia; aliyekawia alichapwa kiboko. Mtu wa namna hiyo afanyeje? Maelfu kwa maelfu walifunga mizigo yao wakaenda Buganda kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda. Wengine walivuka mpaka wakaenda Tanganyika kukata mkonge, ambako waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Bibi Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza, alitoa kitabu mwaka 1954 juu ya wageni hao wa Buganda. Ajabu ni hii: mtu aliyeitwa mvivu kwao alitembea kwa miguu siku nyingi kwenda kuomba kazi ugenini. Hakuikimbia kazi. Aliikimbia kazi isiyomwachia kitu mkononi.

Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore alilifahamu jambo hili. Mwaka 1960 aliwataka wananchi wasinunue katika maduka ya Wabelgiji wala wasilipe kodi, naye akawekwa kizuizini. Wako wanaodhani kwamba maana yake ni kuwa kodi yenyewe ni uovu. La hasha! Bila kodi hapana barabara, hapana daktari, wala hapana mwalimu. Serikali huru nayo yatoza, na ni haki itoze. Ninalouliza ni hili: kodi yamkuta mtu wakati gani, na yamwachia nini?

Tuchukue mshahara, kwa kuwa wengi wetu twatumaini kuupata. Sheria ya mwaka 2013 iliweka kwamba mshahara usiozidi faranga 150,000 kwa mwezi usitozwe kodi. Kinachozidi hapo mpaka 300,000 kitozwe 20 kwa mia, na kinachozidi 300,000 kitozwe 30 kwa mia. Nimewasikia watu wakisema ni afadhali kubaki na 150,000 kuliko kupandishwa mpaka 160,000, ati kodi itakula vyote. Hesabu hiyo si sahihi. Kodi hukata katika zile 10,000 zilizozidi tu, yaani 2,000, na mtu hubakiwa na 158,000. (Walimu wetu wa hesabu wangetusaidia sana kama wangetupa swali hili mtihanini badala ya yale mapipa yanayovuja.) Lakini wasemaji hao wana haki katika jambo jingine. Bei ya mchele imepanda sana tangu mwaka ule. Ikiwa bei zapanda na kiwango cha kutozwa chabaki pale pale, basi aliyehesabiwa maskini jana atatozwa leo, ingawa chungu chake hakikuongezeka kitu. Na katika kiwango cha chini cha mshahara mambo ni mabaya zaidi: mwaka 1988 kiliwekwa faranga 160 kwa siku kwa mfanyakazi wa Bujumbura, kikaachwa hivyo zaidi ya miaka 30. Fedha hizo leo hazinunui hata mkate. Kijana akikataa kazi ya namna hiyo, nani atamwita mvivu?

Serikali haitozi tu. Nayo hutoa, na kutoa kwake huathiri kazi vilevile. Mwaka 2005 karo ya shule ya msingi iliondolewa. Mwezi wa Mei mwaka 2006 matibabu ya watoto wasiozidi miaka mitano, na ya akina mama wanaojifungua, yakafanywa bure. Wako waliosema kwamba vitu vya bure huwalegeza watu. Basi wakumbuke hali iliyokuwapo kabla ya hapo. Wagonjwa walioshindwa kulipa walizuiwa hospitalini, pamoja na wazazi waliojifungua kwa kupasuliwa, mpaka ndugu zao wapate fedha. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari zao mwaka huo huo wa 2006. Mama aliyezuiliwa majuma mengi wodini halimi, hauzi, wala hatunzi watoto aliowaacha nyumbani. Na ndugu yake akiuza shamba ili amkomboe, mwakani hata yeye hana pa kulima. Msaada ule haukumtoa mtu kazini bali ulimrudisha.

Kinyume chake ni ule mchango wa uchaguzi wa 2020, ulioanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka 2017: faranga 2,000 kwa mwaka kwa kila nyumba isiyo na mshahara, na 1,000 kwa mwanafunzi aliyefikia umri wa kupiga kura. Uliitwa mchango, lakini ulifanana mno na kodi ya kichwa, maana haukuuliza nyumba imevuna nini. Ulisimamishwa mwaka 2019, nami nadhani ilifaa.

Sasa twende sokoni. Tangu soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wauzaji wengi walitawanyika mitaani. Twawaona akina mama wenye beseni za ndagala na parachichi wakikimbia wamwonapo askari, na watu husema hawataki utaratibu. Lakini mama anayeingia sokoni mara nyingi hutakiwa kulipa tikiti kabla hajauza hata fungu moja, na ndagala wakimchachia, tikiti hairudishwi. Akitembea mitaani hulipa tu siku aliyokamatwa. Hesabu yake ni ile ile ya babu yake aliyekwenda Buganda. Kwa nini tikiti isitozwe alasiri, wakati beseni imekwisha kupungua? Mtoza ushuru angebaki saa mbili tatu zaidi, na wilaya ingemlipa saa hizo kutoka kwa akina mama ambao sasa haiwapati kabisa.