Kila Mutu na Kufuli Yake, Hata Katika Ordinatere ya Nyumba

Ndugu watumikaji, na ninyi mama wa nyumba,

Kila fundi anajua sheria hii: mbele ya kuingia ndani ya mashini ya kuvunja mawe, tunakata umeme. Kila mutu anatia kufuli yake mwenyewe mahali pa kukatia umeme, na ufunguo unabaki mufukoni mwake. Hakuna anayekasirika na kusema: "Mwenzangu hana imani na mimi." Kufuli si matusi. Kufuli inalinda uzima.

Leo nataka kusema juu ya kufuli ingine, inayokosa katika nyumba zetu nyingi: ruhusa za faili na dosye katika ordinatere, ao kompyuta.

Naanza na kosa langu. Nyumbani kwangu wote tulitumia konti moja, bila neno la siri: mimi, bibi, watoto, na jirani mwenye kutaka kuandika barua. Siku moja nilitia humo karatasi ya lopitalo ya bibi yangu. Jirani alikuja kutafuta picha yake, akafungua dosye ile, akasoma. Mbele ya jua kushuka, majirani wote walijua ugonjwa wa mama. Juma mbili bibi yangu hakwenda kwenye bomba la maji, juu ya haya. Mimi ninayefunga kabati ya fishi za wagonjwa kila magaribi kwenye dispanseri, niliacha fishi ya bibi yangu barabarani.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, kila mutu apate konti yake na neno lake la siri. Hapo tayari Windows inamuzuia mwenye konti ya kawaida kufungua faili za mwenzake. Konti ya Administrateur iwe ya kutia programu na kupanga mashini tu. Kazi ya kila siku, hata ya baba, ifanywe kwa konti ya kawaida.

Pili, dosye ya pamoja, kama ile ya picha za jamaa. Bonyeza juu yake kwa kitufe cha kuume cha kipanya, chagua Propriétés, kisha Sécurité. Utaona majina na ruhusa. Lecture ni kusoma tu. Modification ni kubadilisha na hata kufuta. Contrôle total ni hayo yote, pamoja na kugawanya ruhusa. Watoto wapewe Lecture: watatazama na kucheka, lakini hawatafuta. Ruhusa ya dosye inashuka kwa faili zilizo ndani, basi panga karatasi zako vizuri kwanza.

Usikimbilie Refuser. Kukataza kunashinda kuruhusu. Ukikataza kikundi chote cha Utilisateurs, nawe umo ndani yake, unaweza kujifungia inje.

Tatu, ujue mahali nguvu ya kufuli hii inaishia. Flashi nyingi za kubebea faili hazishiki ruhusa hizi. Aliye nayo mukononi anasoma yote. Na mutu akitoa diski na kuitia katika ordinatere ingine, anaweza kusoma, isipokuwa faili zimefichwa kwa maandiko ya siri. Flashi yenye karatasi za lopitalo, ifunge ndani ya kabati.

Najua wengine watasema: "Katika ndoa hakuna siri." Vizuri, lakini nyumba zetu zina miguu mingi: shemeji, mugeni, rafiki wa mutoto. Na mwenye konti ya Administrateur anaweza kujipa ruhusa ya kufungua dosye za wote. Baba asiitumie kwa kupeleleza barua za bibi. Musaidizi wa munganga ana ufunguo wa kabati, lakini hasomi fishi ya mutu asiyemutunza. Baba naye afanye vile.

Ndugu, kwenye kazi hatungoji mukono wa mwenzetu ukatike ndipo tutie kufuli. Nyumbani mimi niliingoja aibu. Ninyi musingoje. Siku ya mapumziko, kaeni pamoja na bibi na watoto mbele ya ordinatere, na kila mutu apate kufuli yake.