Kilatini Kilikuwa cha Nani?

Liko neno lisemwalo mara nyingi hapa Ufipa, nami siwezi kulinyamazia tena. Husemwa hivi: "Kilatini kilikuwa lugha ya Wazungu. Wazee wetu waliimba kama kasuku, na maandiko ya Kilatini hayana faida yo yote kwa mkulima wa Sumbawanga." Hata waalimu wenzangu wengine wasema hivyo. Nami nawajibu: mmekosa, na kosa lenu lina hasara kuliko mnavyodhani.

Kwanza nakubali lililo kweli. Wengi waliimba bila kufahamu maneno yote. Tena Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifanya vema, mwaka 1963, kufungua mlango ili watu wasali Misa kwa lugha wanazozielewa. Hilo silipingi. Ninalolipinga ni kusema kwamba Kilatini kilikuwa mali ya kabila fulani, na kwamba sisi hakituhusu.

Dola ya Roma ya magharibi ilianguka katika karne ya 5. Tangu hapo hata kufika mwaka 1500 hivi, watu waliendelea kuandika Kilatini, na wengi wao hawakukipata kwa mama zao. Beda alikuwa Mwingereza. Alijifunza Kilatini katika monasteri tangu utoto, na mwaka 731 akamaliza kitabu cha habari za Kanisa la taifa lake. Watu wa Ayalandi, Wajerumani na Wapolandi nao walifanya vivyo hivyo. Je, sisi tu mbali nao? Nyumbani twasema Kifipa, shuleni twajifunza Kiswahili kilichotoka pwani. Kuazima lugha si aibu. Aibu ni kuiazima, kisha kutosema nayo mambo ya kwetu.

Tazameni basi waliyoyaandika kwa lugha ile ya kuazima.

Waliandika nyimbo. Washairi wa Roma ya kale walipima mashairi yao kwa silabi ndefu na fupi. Watu wa karne za kati wakazoea kuhesabu silabi na kulinganisha vina. Wimbo wa "Dies irae", walioimba wazee wetu katika Misa ya wafu, una mizani 8 katika karibu kila mstari, na karibu kila ubeti una mistari mitatu yenye kina kimoja. Naye mtunzi wa utenzi kule Lamu huhesabu mizani 8, na mistari yake mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja. Basi ni nani atakayesema kwamba masikio ya wazee wetu hayakusikia kitu?

Waliandika maisha ya watakatifu, wakayaita "legenda", yaani mambo ya kusomwa, kwa kuwa yalisomwa kwa sauti, nao wasiojua kusoma wakasikiliza.

Waliandika mazungumzo ya shule. Karibu na mwaka 1000 mmonaki Mwingereza, jina lake Aelfric, alitunga kitabu cha kufundishia watoto Kilatini. Mtoto mmoja hujifanya mkulima, mwingine mchungaji, mwingine mvuvi, na kila mmoja hueleza kazi yake. Mkulima hulalamika kwamba hutoka alfajiri na ng'ombe zake hata wakati wa baridi kali, kwa kumwogopa bwana wake. Ninyi mnaolima kwenye baridi ya Ufipa, semeni kama maneno hayo ni mageni kwenu!

Tena waliandika habari za miaka. Wamonaki walikuwa na orodha ya tarehe za Pasaka. Pembeni mwa kila mwaka wakaandika mstari mmoja: mfalme amekufa, njaa imeingia, jua limepatwa. Kwa mistari hiyo mifupi nchi nyingi zimepata historia yake.

Sasa nageukia kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Mapadre Weupe walipofika Karema mwaka 1885, kila kituo kiliandika habari zake siku kwa siku, lakini kwa Kifaransa. Mwaka 1913 Askofu Lechaptois alitoa kitabu juu ya nchi zetu, nacho ni cha Kifaransa. Mwaka 1981 Roy Willis alitoa kitabu juu ya Milansi, Nkansi na Lyangalile, nacho ni cha Kiingereza. Twawashukuru wote. Lakini mzee wa kijijini atavisomaje? Na sisi wenyewe tumeandika nini?

Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akaja Karema mwaka 1889 kuwa mganga na katekista hata alipokufa mwaka 1956, twamjua kwa sababu alisimulia maisha yake mwenyewe, yakapigwa chapa mwaka 1946. Je, katekista wa kwanza wa kijiji chako, ni nani aliyemwandika? Malungu, zile tanuru ndefu za udongo walizoyeyushia chuma babu zetu, ni nani ajuaye jinsi zilivyojengwa? Kila mzee tunayemzika aondoka na kurasa zake.

Kwa hiyo msiniambie kwamba Kilatini hakina faida. Faida yake ni kutuonyesha kwamba mkulima, mvuvi na mtoto wa shule wastahili kuandikwa, tena kwa lugha iliyotoka mbali. Nunueni daftari. Andikeni mwaka, na chini yake mstari mmoja: mvua ilianza lini, ulezi ulizaaje, nani amekufa, nani amebatizwa. Mwakani ongezeni mwingine. Mkikataa kazi hiyo ndogo, msiwacheke wazee walioimba bila kuelewa. Wao angalau waliimba.