Kuongoza mbio ndiko kugumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kuwa marathoni ndiyo ngumu kuliko michezo yote. Ndugu John Stephen Akhwari, aliyemaliza Mexico City mwaka 1968 akiwa ameumia, namheshimu sana. Lakini gumu zaidi ni kuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kama Ndugu Filbert Bayi huko Christchurch, tarehe 2 Februari, 1974: mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia! Anayeongoza hukata upepo peke yake, wala hawaoni wanaomfukuza. John Walker alifika hata nusu sekunde haijapita.

Huku kwetu Ufipa, penye upepo mkali, baadhi ya walimu wenzangu huwakemea watoto wanaotangulia. Naomba wawaache wakimbie.

Mwalimu wa Kijijini,
Sumbawanga, Rukwa.