Karaha ya Sikio Si Shtaka

Mtu akisikia katika redio neno asilolipenda, hujiona amedhulumiwa. Aghalabu hakudhulumiwa, amekarahika tu. Kutenga mambo haya mawili ndiyo kazi ya baraza lo lote linalohukumu malalamiko ya utangazaji, na baraza lisiloweza kuyatenga ni heri livunjwe.

Mfano mzuri watoka Nyuzilandi. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1989 iliunda huko Mamlaka ya Viwango vya Utangazaji, ikaweka na njia ya kufuata. Mlalamikaji alitakiwa kukiendea kwanza kituo chenyewe. Asiporidhika na jibu ndipo alipeleka shauri mbele ya Mamlaka. Kituo kilichopatikana na hatia kiliweza kuamriwa kuitangaza hukumu hewani, na kuilipa serikali gharama zisizozidi dola 5,000. Rufaa ilikwenda Mahakama Kuu. Kadhalika sheria iliiruhusu Mamlaka kukataa shauri la upuuzi au la kuudhi, na ruhusa hiyo ndiyo yenye kisa.

Tangu Juni 2020 hadi Machi 2021 Mamlaka ilipokea maulizo 27 ya watu waliotaka kushitakia matumizi ya Kimaori hewani. Lugha ya wenyeji wa nchi, iliyo rasmi tangu 1987, ilishitakiwa kwa kuwa imesemwa! Mamlaka ikajibu kwamba kuitumia lugha hiyo hakuvunji kiwango cho chote, na kwamba malalamiko ya namna hiyo hayatasikilizwa.

Wapo waliosema raia amefungiwa mlango. Hoja hii haina miguu. Shauri likipokelewa, kituo hulazimika kulijibu. Basi mtangazaji anayeamkua kwa Kimaori angeitwa kila asubuhi kueleza kwa nini ameamkua, na kuitwa huko ni adhabu tosha hata kama mwisho wake ni kuachiliwa. Nyuzilandi ilikwisha kuyaona hayo. Mwaka 1984 Naida Glavish, mpokea simu wa Auckland, aliamriwa aache kuwasalimu wapiga simu kwa “Kia ora”. Alikataa, na nchi nzima ikabishana mpaka akaruhusiwa. Taksiri ya Mamlaka, kama ipo, ni kuchelewa.

Wengine hushika hoja ya wingi: walalamikaji wakiwa wengi, kosa lipo. Uingereza imeipinga hoja hii mara mbili kwa vitendo. Mwaka 2007 malalamiko kama 44,500 yalipelekwa Ofcom juu ya ubaguzi ulioonekana katika mchezo wa Celebrity Big Brother, na Channel 4 ikapatikana na hatia. Mwaka 2021 malalamiko zaidi ya 57,000 yalimwandama Piers Morgan kwa maneno yake juu ya Meghan, na ITV haikutiwa hatiani, kwa kuwa katika kipindi kile kile walikuwapo waliompinga waziwazi. Wengi zaidi walishindwa. Wachache wao walishinda. Hukumu ya 2021 yaweza kubishaniwa, na Ofcom yenyewe haikuyasifu maneno yale. Lakini sababu zake ziliandikwa zikatolewa, na msomaji aweza kuzipima moja moja. Idadi haipimiki hivyo. Ni kelele yenye tarakimu.

Mambo haya yawagusa wanazuoni wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Kila mwaka hutokea msomi wa kudai kwamba mtangazaji anayechanganya Kiswahili na Kiingereza, au anayevuruga ngeli, atozwe faini. Ghera yake ni ya haki, na makosa anayoyataja ni makosa kweli. Walakini anamwomba hakimu afanye kazi ya mwalimu. Tanzania ilianzisha Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 ili lugha ikuzwe na kusanifishwa. Matamshi ya mtangazaji hutengenezwa kwa mafunzo, kwa kamusi, na kwa mhariri aliye macho. Faini itamfundisha jambo moja tu: kunyamaza, au kusoma karatasi aliyoandikiwa na mwingine. Na leo ikikubaliwa kwamba Kiswahili cha mitaani ni kosa la kuadhibiwa, kesho atatokea mwenye sikio jepesi zaidi, akiishitaki lafudhi ya Mombasa mbele ya msikilizaji wa Mwanza, au ya Lubumbashi mbele ya wote wawili. Msomi huyo angali ana deni la kueleza ni nani aliyeumizwa.