Mashine Iliponyamaza Maneromango

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kusimama kando ya gari bovu, fedha za nyumbani zikiwa mfukoni, ukimsubiri fundi atoe hukumu. Hali hiyo ilimfika mjomba wangu wa Maneromango, wilayani Kisarawe, msimu uliopita wa machungwa. Gari lake la mwaka 1998, Toyota lililoletwa kutoka Japani likiwa limekwisha kutumika, lilianza kunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, na taa ya injini ikawaka. Fundi mmoja akachomeka mashine ya kupimia chini ya usukani. Mashine haikuwaka hata kidogo. Hapo hapo akasema kontroli boksi imekufa, zitafutwe shilingi 600,000. Fedha hizo zilikuwapo, ila zilikuwa ada ya binti yake aliyeko shule ya bweni.

Mjomba alinipigia simu usiku. Nilimwuliza jambo moja tu: je, injini inawaka? Alijibu kuwa inawaka, tena alitoka nalo shamba siku ile ile. Basi ingewezekanaje kontroli boksi iwe imekufa, nayo ndiyo inayoamuru petroli na cheche? Gari la namna hiyo lisingetoka hata uani.

Yafaa tujue kwamba mashine ya kupimia haipati umeme wake kutoka kontroli boksi. Soketi ile ina nafasi 16 za pini: ya 16 huleta umeme wa betri kupitia fyuzi, ya 4 na ya 5 ni za ethi. Mashine isipowaka, hapana budi kuanza na fyuzi. Katika magari mengine fyuzi hiyo hiyo hulisha kiberiti cha sigara, katika mengine taa ya ndani. Nilipomwuliza mjomba juu ya taa ya ndani, alicheka. Ilikuwa imezimika tangu kijana wake alipounganisha waya za redio. Asubuhi walitia fyuzi mpya ya shilingi 500, na mashine ikawaka.

Ikawaka, lakini haikusema neno. Ufunguo ulikuwa umewashwa kama itakiwavyo, maana wengi husahau hilo wakalaumu gari bure. Sababu ilikuwa umri na asili ya gari. Marekani ililazimisha lugha moja ya vipimo kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Magari yaliyoundwa kuuzwa Japani kwenyewe hayakubanwa na sheria hizo, hata yakiwa na soketi ya umbo lile lile. Hivyo kidude kile cha bei nafuu kinachosomwa kwa simu huenda kisielewane nalo kabisa, na wote wawili wakawa wazima.

Wazee wa gereji wanayo njia yao. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo chini ya boneti, na ndani ya kifuniko chake pameandikwa majina ya matundu. Huunganishwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, ufunguo huwashwa bila kuzungusha injini, kisha huhesabiwa mapepeso ya taa. (Usikisie tundu, ndugu yangu, ukikosea waweza kuiunguza hiyo kontroli boksi iliyokuwa nzima.) Mjomba alihesabu mawili, kituo, mawili tena: 22, yaani sensa ya joto la maji. Injini ilikuwa ikidhani ni baridi daima, ikamiminiwa petroli.

Waya wa sensa ulikuwa umekatwa na panya. Fundi wa jirani aliuunga kwa risasi na utepe, akalipwa shilingi 10,000 na kikapu cha machungwa. Binti alirejea shule Jumatatu kwa gari hilo hilo.