Mkuu inajengeka kila siku, chemba za maji nani atazipanga?

Rombo. Masika yakikolea upande wa Rombo, maji hayaulizi njia. Yanashuka kutoka migombani, yanaingia barabarani, yanafuata mtaro kama upo. Kama haupo, yanajichimbia wa kwao.

Kwa Mkuu, makao makuu ya Wilaya ya Rombo, hilo si geni. Mji uko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na watu wake wamezoea. Kinachobadilika ni mji wenyewe. Maduka, nyumba za kupanga na nyumba za wageni vinaongezeka kando ya barabara ya Marangu hadi Tarakea, na kila anayejenga anachimba karo lake nyuma ya nyumba.

Miji mingi ya Tanzania imeanza hivyo hivyo. Shida huja baadaye, pale mabomba ya chini ya ardhi yanapohitajika na nafasi ya kuyapitisha imeshajaa kuta na lami. Na kwenye mteremko kama wa Mkuu, kazi hiyo huamuliwa na kitu ambacho wengi hawakitazami mara mbili: chemba.

Chemba ni lile shimo lenye mfuniko unalolikanyaga mjini bila kulifikiria. Bomba linapokata kona, linapopokea bomba jingine au linapobadili kina, lazima pawe na chemba. Likiziba, hapo ndipo fundi anapopata pa kuingizia fimbo za kuzibulia. Bila chemba, dawa ni kuvunja barabara.

Njia iliyozoeleka ni kuijenga palepale kwa matofali, kisha kuipiga plasta. Ni kazi ya fundi wa mtaani na inaonekana rahisi. Lakini plasta ikipasuka, maji ya mvua yanaingia kwenye bomba la majitaka, na majitaka nayo yanavuja ardhini. Hii ni sababu mojawapo ya chemba kufurika siku za mvua kubwa hata kama hakuna aliyetupa taka ndani.

Njia ya pili ni pete za zege zilizomwagwa mapema kwenye yadi. Linashushwa kwanza tako lenye mfereji uliochongwa ndani, zinafuata pete moja juu ya nyingine zikiwa na mpira wa kuzuia maji kwenye maungio, halafu kifuniko. Kama shimo limeshachimbwa, chemba inaweza kusimama ndani ya siku moja. Kwa fundi wa Rombo mwezi Aprili hiyo si faida ndogo, maana shimo likikaa wazi wiki mbili kusubiri matofali, litageuka bwawa.

Kwa nini mteremko unabadili hesabu

Dar es Salaam, sehemu nyingi zikiwa tambarare, wahandisi wanahangaika kupata mteremko wa kutosha ili maji yatembee. Mkuu ni kinyume. Wasanifu wa mabomba ya majitaka hupenda maji yaende angalau karibu mita 0.6 kwa sekunde ili yasiache tope, na kwa kawaida hawataki yapite mita 3 kwa sekunde, kwa sababu mchanga unaobebwa kwa kasi hiyo hula bomba.

Ukilaza bomba kufuata mteremko mkali wa mlima, mwendo huo unapitwa. Kwa hiyo bomba hulazwa kwa mteremko mdogo, likifika mahali linaangushwa ndani ya chemba, kisha linaendelea chini zaidi. Ni kama ngazi, na kila kidato ni chemba.

Maana yake ni kwamba mji wa mlimani unaweza kuhitaji chemba nyingi zaidi kwa kila kilomita kuliko mji wa tambarare, na nyingine zikiwa za kina kirefu. Gharama inajificha hapo, na uvujaji pia. Pete za kipimo kimoja zinazorudiwa mara mia zina faida kubwa Mkuu kuliko mahali ambako chemba ni chache.

Lakini zege ni zito, na hapa ndipo wauzaji huongea haraka haraka. Pete yenye upana wa mita 1.2 kwa ndani, ukuta wa sentimita 10 na kimo cha mita 1 ina takriban mita za ujazo 0.4 za zege. Hiyo ni karibu tani 1. Kuipakia Moshi na kuipandisha zaidi ya kilomita 50 hadi Mkuu, halafu kutafuta kreni ya kuishusha uchochoroni, si mchezo. Pete ya kimo cha sentimita 25 inashuka hadi takriban kilo 250, mzigo unaowezekana kwa miguu mitatu ya chuma na winchi ya mnyororo kama ile ya gereji.

Hapo ndipo hoja ya kuzimwagia Rombo kwenyewe inapopata nguvu. Kumwaga pete za visima na kalavati si ufundi mgeni Tanzania. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023, ilirejeshwa 2024. Kikundi cha vijana chenye kalibu za chuma kinaweza kuifanya kazi hii, mradi zege limwagiliwe maji ipasavyo na lisibebwe likiwa bichi. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, na mnunuzi mwenye haraka ndiye adui wa kwanza wa ubora.

Majitaka au maji ya mvua kwanza?

Ni rahisi kusema Mkuu iige Moshi. Manispaa hiyo, yenye watu 221,733 kwa Sensa ya 2022 kutoka 184,292 mwaka 2012, ina mtandao unaopeleka majitaka kwenye mabwawa ya kutibu huko Mabogini. Arusha ilipata mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Sh520 bilioni kwa msaada wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkuu haina ukubwa wa kubeba deni la namna hiyo.

Pia bomba la majitaka linahitaji maji ya kutosha kusukuma uchafu, na Rombo ina historia ndefu ya kuhangaikia maji. Likijengwa bila mahali pa kutibia, litakuwa limehamisha uchafu kutoka stendi kwenda kihamba cha mtu wa chini.

Kwa hiyo hatua yenye akili kwa sasa ni maji ya mvua, pamoja na chemba za nyaya na mabomba ya akiba yanayopita chini ya barabara kabla haijawekwa lami. Agosti 2022, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kama mlima umepata mawasiliano, mitaa ya chini yake nayo itadai nyaya zaidi, na kila waya mpya bila njia iliyoandaliwa ni mtaro mwingine unaokatwa barabarani.

Mfuniko nao una kesi yake. Wa chuma unaibwa na kuuzwa kama chakavu. Jirani zetu wa Kenya walifika mahali pa kupiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022 kwa sababu ya hujuma za miundombinu, marufuku iliyodumu hadi Mei. Mfuniko wa zege hauna soko kwa mwizi, ila kingo zake humeguka lori likipita. Viwango vya Ulaya hutaka mfuniko wa barabarani ustahimili takriban tani 40. Ule uliomwagwa kwa nondo mbili nyembamba haufiki huko, unafaa pembeni kwa waenda kwa miguu.

Kinachobaki ni swali la mwenyewe. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaani ni za TARURA iliyoanzishwa 2017, bomba ni la mamlaka ya maji, waya ni wa kampuni ya simu. Kila mmoja akinunua pete za kipimo chake, hakuna yadi ya Rombo itakayoishi kwa oda hizo. Na usiku mfuniko ukivunjika katikati ya barabara, mwenye bodaboda aliyetumbukia hatajua ampigie nani.