Jicho la Mtambo na Jicho la Mganga

Ndugu msomaji, mkeo au mama yako anapoingizwa katika chumba cha upasuaji hapo Bariadi, wewe hubaki nje kwenye benchi. Leo natuingie pamoja humo ndani, tukitazame kifaa kimoja kidogo kilichobadili sana kazi ya humo.

Nacho ni kipima oksijeni, kinachobanwa kwenye ncha ya kidole. Kanuni yake ilitangazwa mwaka 1974 na mhandisi wa Japani, Takuo Aoyagi. Hupitisha mwanga wa aina mbili kidoleni, na kompyuta ndogo ikakokotoa oksijeni iliyomo katika damu. Zamani mtaalamu wa usingizi alitegemea kuona midomo na ulimi vikigeuka rangi ya buluu, na hapo hatari ilikuwa imekwisha kuwa kubwa.

Je, mtambo huo unatosha? La. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa hicho huweza kusema oksijeni inatosha ilhali imepungua, na kosa hilo liliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe. Kwetu sisi jambo hilo si dogo. Mganga hana budi kumtazama mgonjwa mwenyewe, si tarakimu peke yake.

Ushahidi wa kazi ya binadamu tunao hapa nchini. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani. Ni karatasi tu, yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti: jina la mgonjwa, mzio, damu, na kwamba kipima oksijeni kinafanya kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: kwa jumla, vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Nawe, ndugu msomaji, unayo sehemu yako. Mgonjwa wako afute rangi ya kucha kabla ya kwenda hospitali; na akiwa na hina vidoleni, mwelezeni mtaalamu wa usingizi, kwani huweza kuudanganya mtambo. Tena semeni kweli: alikula saa ngapi, anatumia dawa gani, zikiwamo za miti shamba. Hayo hakuna mtambo utakaoyajua msipoyasema.